Usinitajie Mbinu, Nionyeshe Bomu

Kwa miaka minne sasa nimetembea na swali moja lililoandikwa kwa wino mwekundu: "Mbinu ziko wapi?"

Liliandikwa pembeni mwa karatasi yangu ya mtihani nikiwa mwaka wa pili chuoni, somo la uchambuzi wa filamu. Tulikuwa tumeonyeshwa onyesho la kwanza la Touch of Evil, filamu ya Orson Welles ya 1958, mara mbili, kwa projekta iliyokuwa na ugonjwa wake wa kuzima. Kisha tukaambiwa tujadili mbinu za kisinema zilizotumika kujenga taharuki. Alama 30. Wenzangu wakachora jedwali: safu ya kwanza mbinu, ya pili maelezo, ya tatu athari. Mimi nikajaza kurasa tatu kuhusu kitu kimoja tu: katika onyesho hilo, nani anajua nini, na anakijua tangu saa ngapi. Nikapata 9.

Muhula uliofuata sikurudi. Wacha niseme ukweli mapema kabla mtu hajanitungia hadithi ya ushujaa: sikuacha chuo kwa sababu ya alama 9. Karo ilishinda watu wa nyumbani, basi. Lakini karo niliisamehe zamani. Lile swali la wino mwekundu bado, na leo nataka kulijibu, kwa sababu naona aliyeliuliza hakuwa peke yake. Naliona kila mahali watu wanapoandika kuhusu filamu, na naliona hata ndani ya filamu zetu wenyewe.

Ugonjwa wenyewe unaitwa Taja na Ueleze.

Kila aliyesomea hapa Kenya anaujua. Ulituanza katika fasihi shuleni. Tulikaririshwa taharuki, kinaya, jazanda, mbinu rejeshi, kama mtu anayekariri vituo vya matatu. Ukiulizwa swali, unataja, unaeleza, unatoa mfano, unahesabu alama, unaenda kula. Hakuna aliyekuuliza kama taharuki ilikukamata. Ungeweza kupata alama zote za taharuki katika riwaya uliyosoma ukisinzia.

Tukifika kwenye filamu, tunabeba daftari lilelile. Picha iliyopigwa kutoka chini inaonyesha mamlaka. Iliyopigwa kutoka juu inaonyesha unyonge. Giza ni uovu. Kamera ikitikisika ni wasiwasi. Mtu anaandika hivyo, anaita uchambuzi. Huo ni msamiati.

Hebu tulitazame onyesho lenyewe, polepole.

Skrini inafunguka kwa mikono. Mikono imeshika bomu lenye saa, na vidole vinaizungusha hiyo saa. Mahali fulani gizani mwanamke anacheka. Mwenye mikono anageuka, anakimbia kando ya ukuta, kivuli chake kinapita ukutani kikubwa kama jini, anafika kwenye gari la wazi, anafungua buti, anatia bomu, anatokomea. Uso wake hatuupati. Mwanamume na mwanamke wanakuja wakiwa na raha zao, wanaingia kwenye gari, wanaondoka.

Kamera, iliyo juu ya kreni, inapanda hadi tunaona mapaa. Gari linapotelea nyuma ya jengo, halafu linatokea tena barabarani. Polisi wa trafiki analisimamisha. Watu wanavuka. Hapo ndipo tunawaona kwa mara ya kwanza wanandoa wapya, Mike Vargas na mkewe Susan, wakitembea kwa miguu kuelekea mpaka wa Mexico na Marekani. Hao ni Charlton Heston na Janet Leigh. (Ndiyo, Heston ni mzungu wa Marekani aliyepakwa rangi ili awe Mmexico. Ni doa, na halifutiki eti kwa sababu kamera imesafiri vizuri.) Gari linawapita, linakwama, nao wanalipita. Mbuzi wanajaa barabarani. Gari na wapenzi wanafika kizuizini karibu wakati mmoja. Afisa wa mpaka anapiga gumzo na Vargas, ambaye ni mpelelezi mwenye jina, kuhusu wahalifu aliowakamata. Yule mwanamke wa kwenye gari analalamika kwamba anasikia tik-tik kichwani. Hakuna anayemjali. Gari linavuka, linatoka nje ya fremu. Vargas na Susan wanasogeleana ili wabusiane.

Mlipuko. Na hapo tu, baada ya zaidi ya dakika 3, ndipo tunapata mkato wa kwanza: gari linawaka moto.

Haya, mtu wa jedwali atasema nini? Picha ya karibu. Mkupuo mrefu usiokatwa. Kreni. Mwanga na kivuli. Sauti kutoka nje ya fremu. Mbinu tano, mifano mitano, alama zimeingia. Na sitamwita mwongo, kwa sababu kila alichotaja kipo. Shida ni kwamba hata kimoja hakielezi kwa nini shingo yako ilikaza.

Fanya jaribio hili dogo. Kata sekunde za mwanzo, zile za mikono na buti. Bakisha kila kitu kingine vilevile: kreni ileile, vivuli vilevile, mkupuo uleule mrefu. Umebaki na nini? Wapenzi wanaoenda kutafuta soda ya chokoleti. Gari linalosimamishwa na trafiki. Mbuzi. Afisa anayetaka kujua uraia wako. Umebaki na foleni ya Namanga siku ya Ijumaa. Mbinu zote za jedwali bado ziko pale isipokuwa picha moja ya karibu, na taharuki imeenda na upepo.

Kwa hivyo taharuki haikai kwenye kreni. Inakaa kwenye ujuzi ambao haukugawanywa sawasawa. Sisi tuliokaa tunajua kuna bomu. Wao hawajui. Na saa inakwenda.

Ukishika hilo ndipo mbinu zenyewe zinaanza kuzungumza. Kwa nini Welles hakati? Jedwali litasema "ili kuonyesha ustadi" au "ili kuleta uhalisia". Hapana. Hakati kwa sababu mkato ungekuwa ahueni. Mwongozaji akikata, anaweza kuiba sekunde au kuongeza sekunde, na mtazamaji anajua hivyo hata kama hawezi kukuelezea. Asipokata, dakika ya bomu na dakika yako uliyekaa kwenye kiti ni dakika moja. Mmefungwa pamoja kwenye saa ileile.

Kwa nini kamera inapanda juu? Kanuni ya daftari inasema picha ya kutoka juu ni unyonge. Unyonge wa nani hapa? Kule juu sisi ndio wenye uwezo: tunaona barabara yote, tunajua gari litatokea wapi. Kisha kamera inashuka, inaanza kuwafuata Vargas na Susan, na inafanya jambo la ukatili kabisa: inaliacha gari liende. Tunapewa ujuzi, halafu tunanyang'anywa macho. Sasa tunajua bomu lipo lakini hatujui liko wapi. Hapo ndipo onyesho linapouma, na hakuna safu ya jedwali inayoitwa "kamera imeangalia kwingine".

Na si kwamba nimegundua kitu kipya. Alfred Hitchcock alimweleza François Truffaut jambo hili katika mazungumzo yao maarufu ya miaka ya 1960, kwa mfano ambao umerudiwa kila pembe ya dunia. Watu wameketi mezani wanapiga stori, bomu linalipuka ghafla: umewapa watazamaji sekunde 15 za mshtuko. Waonyeshe bomu chini ya meza kwanza, na saa ukutani, halafu waache hao watu waendelee na stori zao za kawaida: umewapa dakika 15 za taharuki. Stori ni ileile na meza ni ileile. Kilichobadilika ni nani ameambiwa.

Nilijua hivyo kabla sijamsikia Hitchcock, na hapa ndipo hasira yangu inatoka. Nilikijua tangu kibandani.

Nimekulia Nakuru. Kulikuwa na kibanda cha video cha mabati, viti ni mabenchi, kiingilio Sh10, na filamu zilikuwa na sauti ya DJ Afro juu yake, akitafsiri, akitania, akiwapa majambazi wa Hollywood majina ya mtaani. Ukitaka kujua nani anaelewa filamu, ungekaa pale. Mtu mbaya akijificha nyuma ya mlango, kibanda kizima kilimpigia nduru shujaa: "Nyuma yako! Wewe, nyuma!" Watu wazima, baba zetu, wakimwonya mtu wa kwenye skrini. Walimu wetu walituambia huo ni ushamba. Mimi nasema ulikuwa uchambuzi. Yule baba alikuwa ametambua, bila kufundishwa na mtu, kwamba yeye anajua na shujaa hajui, na pengo hilo lilimuuma kiasi cha kulijaza kwa mdomo wake.

Mwaka jana niliamua kujaribu. Binamu yangu ana kinyozi, na kuna TV ukutani kwa ajili ya wanaongoja. Jumamosi moja nikachomeka flashi yangu, nikaweka Touch of Evil. Malalamiko yalikuja papo hapo. Eti hii si ya wakati wa kina guka? Rangi iko wapi? Kisha ile mikono ikazungusha ile saa. Bomu likaingia kwenye buti. Kinyozi kikanyamaza, mashine tu ndiyo ilikuwa inalia.

Wakati mbuzi walipofunga barabara, mama mmoja aliyeleta kijana wake kunyolewa alisema, "Woi, mbuzi pia!" Hakuna aliyecheka. Lakini aliyenimaliza ni jamaa wa bodaboda aliyekuwa kwenye benchi na helmeti mapajani. Kamera ilikuwa imeliacha gari, tunawaona wapenzi peke yao. Binamu yangu akauliza, "Gari imeenda?" Jamaa akasema, bila kutoa macho kwenye TV, "Iko hapo. Si unaskia redio?"

Hebu simama hapo kidogo. Huyo mtu ametumia sentensi mbili kueleza jambo ambalo studio nzima ya Hollywood ilishindwa kuelewa.

Studio ya Universal ilipochukua filamu hii kutoka mikononi mwa Welles, iliiharibu sehemu kadhaa, na onyesho la kwanza halikupona. Filamu ilitoka 1958 ikiwa na majina ya waigizaji na mafundi yamepangwa juu ya mkupuo ule, na muziki wa Henry Mancini ukipigwa kutoka mwanzo hadi mwisho wake. Ni muziki mtamu, sikatai, ila ulifunika kila kitu. Welles alikuwa ameandika waraka wa kurasa 58 akiwasihi wabadilishe mambo, na mojawapo ni hili: mwanzoni pasiwe na muziki wa filamu bali sauti za mtaa wenyewe, kila baa na wimbo wake, kila gari na redio yake. Mengi ya aliyoomba hayakufanywa. Alifariki 1985. Ilipofika 1998, mhariri Walter Murch ndiye aliyeisuka upya filamu kwa kufuata waraka ule. Majina yakaondolewa pale. Muziki wa juu ukatolewa. Redio ya lile gari ikasikika.

Nilichoweka pale kinyozi ni hiyo ya 1998. Redio ikisikika kwa nguvu, bomu liko karibu. Ikififia, linaenda mbali. Sauti imechukua kazi ambayo macho yamenyimwa. Mtu yeyote aliyewahi kungoja matatu Nairobi anaelewa: nganya unaisikia kabla hujaiona, na unajua kwa besi tu kama imekaribia au bado iko kona ile. Jamaa wa boda anaishi kwa masikio barabarani. Angekuwa darasani angeandikiwa kwa wino mwekundu.

Studio ilifanya kosa lilelile la jedwali. Haikumwamini aliyekaa kwenye kiti. Ilidhani mtazamaji hawezi kuogopa mpaka apigiwe ngoma ya kuogopa.

Najua nitakachojibiwa. Kwanza: "Istilahi ni muhimu. Bila majina ya mbinu tutazungumzaje?" Ni kweli. Fundi wa magari lazima ajue jina la kila spana. Lakini ukimpelekea gari lisilowaka, halafu akusomee majina ya spana zake kwa dakika 40, akuambie umlipe, utalipa? Majina ni ya kufanyia kazi. Kazi yenyewe ni kusema gari lina nini.

Pili, nitajibiwa na mashabiki wa mkupuo mrefu, wale wanaohesabu dakika kama watu wanaohesabu mabao. Kwao onyesho hili ni kubwa kwa sababu ni refu na halikukatwa. Hao nawapa filamu nyingine: Jaws ya Steven Spielberg, 1975. Msichana anaacha sherehe ya ufukweni usiku, anaingia baharini kuogelea. Kijana aliyemfuata amelewa, anaanguka mchangani. Onyesho hilo limekatwa vipande vipande. Welles alituonyesha bomu waziwazi. Spielberg hatuonyeshi papa hata kidogo. Papa wa mashine alikuwa akiwaharibikia kila mara kwenye maji ya chumvi, na filamu inakwenda zaidi ya saa nzima kabla hatujamwona sawasawa. Mbinu ni kinyume kabisa. Lakini kamera inatupeleka chini ya maji, tunaiangalia miguu ya yule msichana kutoka kilindini, muziki wa John Williams unaanza na noti zake mbili, na tayari tunajua asichokijua. Njia ni mbili na kanuni ni moja. Jedwali haliwezi kukuambia kwamba maonyesho haya ni ndugu, kwa sababu kwenye safu ya kwanza hayana hata neno moja linalofanana.

Sasa nije nyumbani, maana huku ndiko kunakoniuma zaidi ya mtihani.

Fungua tamthilia ya uhalifu ya hapa kwetu, yoyote kati ya nyingi nilizotazama kwa kazi miaka hii. Droni inapita juu ya Nairobi usiku. KICC. Taa za Thika Road. Ngoma nzito: duum. Mtu anakimbia kwenye kichochoro, hatujui ni nani wala anakimbia nini. Risasi. Skrini nyeusi. Maandishi: "Siku tatu kabla." Halafu tunaanza upya kutoka kitandani mtu akizima alamu.

Nimeona mwanzo huo hadi naweza kuuimba. Kila kilichotajwa darasani kimo: picha ya kutoka juu, kamera inayotikisika, giza, mbinu rejeshi. Vijana wenye vipaji, wenzangu, wanakodisha droni kwa pesa walizochanga kwa shida, kwa sababu walifundishwa kwamba taharuki ni orodha ya vifaa. Hakuna aliyewaambia kwamba bomu la Welles lingeweza kupigwa picha Gikomba kwa simu, mradi tu tuone linatiwa kwenye mkokoteni gani, na mwenye mkokoteni awe ni mtu tunayemsikia akipatana bei huku saa inakwenda.

Na si kwamba hatuwezi. Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga, 2012, ni filamu ya uhalifu, lakini haikuhitaji risasi ili kutukamata. Tunakutana na Mwas kijijini akiuza DVD za filamu za vita kwa kuziigiza mbele ya wateja, yeye mwenyewe akiwa shujaa na adui. Tunacheka. Lakini tayari tumejua jambo ambalo yeye hajui: kijana huyu anaamini filamu, na anaenda mji ambao haujali. Pengo ni lilelile. Ni bomu linalokwenda polepole tu, na limewekwa ndani ya mtu.

Sijajitoa kwenye lawama. Tangu niache chuo nimeishi kwa kuandika makala za malipo, na nimeandika orodha nyingi tu: mbinu 5 za hiki, siri 10 za kile. Ukiwa na deni la nyumba, Taja na Ueleze inalipa haraka. Unaandika ukiwa kwenye matatu, hujaitazama hata filamu yenyewe mpaka mwisho. Nimefanya hivyo. Ndiyo maana najua ni uvivu, kwa sababu nilipofanya nilikuwa mvivu.

Kwa hivyo jibu langu kwa ule wino mwekundu ni hili. Mbinu ziko palepale zilipo, kila mtu anaziona. Niulize mambo mengine. Mtazamaji amepewa kujua nini? Nani kwenye skrini hajui? Saa iko wapi, na nani ameishika? Nikishajibu hayo, niulize kamera ilifanya nini, na nitakueleza kila sentimita ya hiyo kreni.

Wiki hii mteja mmoja ameniandikia. Anataka maneno 600: "Mbinu 7 za Kuanza Filamu ya Kusisimua." Nimemjibu kwamba nitamwandikia moja, kwa maneno hayohayo 600 na bei ileile. Tiki mbili za buluu ziko hapo tangu Jumanne. Hajajibu.